Majibu Tuliyomfundisha Darlène

Bredäng, Stockholm
Ijumaa, 23 Januari

Dada yangu mpendwa Getrude,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako aliye mbali, anayekukumbuka kila anapotia majani ya chai kwenye sufuria. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Solomon na watoto, na kwamba lile goti limepunguza maumivu tangu uanze kulikanda kwa maji moto. Je, mahindi yamekauka vizuri au mvua iliwawahi? Na Njuguna bado anakataa kuvaa sweta ya shule mpaka umfukuze kuzunguka nyumba? Mimi mwilini sina neno. Baridi ya huku ni kali lakini nimeizoea kuliko nilivyotarajia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Nikikupigia simu unaiweka ya kusikika na nyumba nzima, watoto wanakusanyika kunisalimia, na mimi nacheka na kusema yote ni mazuri. Huku nako kuta ni nyembamba, na Darlène anaelewa Kiswahili kuliko anavyoonyesha. Eve, yule rafiki yangu aliyenikutanisha na Juvénal, anasafiri kesho kuja Kenya, na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Nakuomba uisome peke yako. Usimpe shemeji kabla hujaimaliza na kuifikiria.

Nianze na raha yangu, kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu usipoijua raha hii hutaelewa nilichokifanya.

Dada, nimependwa. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi mchana na kila siku, si siku ya sikukuu tu. Juvénal anatengeneza lifti, nadhani nilikuambia. Anatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi kukiwa giza tupu, na kila asubuhi ananiachia chai kwenye thamosi na kikaratasi juu ya kifuniko. Kimoja kinasema: Malkia wa Nakuru, nje kuna barafu, usitoke bila vile viatu vya misumari. Kingine kinasema tu: Nimekuacha umelala na nimechelewa kazini kwa ajili ya kukutazama. Vyote nimeviweka kwenye kisanduku cha viatu vya harusi. Tukitembea kwenye barafu ananishika kiwiko kama amebeba trei ya mayai, na nikiteleza ananiambia kwa Kiswahili chake cha Kirundi kwamba sisi watu wa Nakuru tumezoea vumbi. Jioni anarudi akinuka grisi na chuma baridi, na mimi naipenda harufu ile kuliko manukato yoyote.

Siku ya harusi pale Hallunda mlituona kwenye simu mpaka mtandao ukakatika, kwa hiyo hukuona alipolia. Alilia kwenye maneno ya kupendana katika ugonjwa na katika afya, kwa kuwa aliwahi kuyasema maneno hayo mara moja, na aliyatimiza mpaka mwisho kwa marehemu Médiatrice, mama yake Darlène, aliyefariki miaka miwili na nusu iliyopita kwa saratani ya damu. Wengine kanisani walinitazama kuona kama nitaona wivu. Sikuona wivu. Nilimpenda zaidi. Nilisema moyoni kwamba mwanamume aliyemuuguza mke hivyo, nitamtunzia kila alichobaki nacho.

Alichobaki nacho ni Darlène. Ana miaka tisa, atatimiza kumi mwezi wa nne. Siku ya harusi alinishikia shela, hakucheka wala hakulia. Ananiita tantine, ndivyo Warundi wanavyomwita shangazi au mama mdogo, na sikumlazimisha neno jingine. Nilikuja na ndoto zangu zote za saluni ya Nakuru: nitamsuka, nitamfundisha kukaanga chapati, siku moja atasahau na kuniita mama. Nilimkuta mtoto mtiifu kama mgeni. Anaosha sahani yake. Anatandika kitanda mpaka shuka linakuwa kama karatasi. Baba yake akimsemesha Kiswahili anamjibu kwa Kiswidi, na mimi ananijibu kwa Kiswahili cha maneno mawili: ndiyo tantine, sitaki tantine, asante tantine.

Muuguzi wa shule alikuwa amemwona kabla sijafika huku. Alimwandikia Juvénal kwamba Darlène hagusi chakula cha mchana, na kwamba wenzake wakienda kucheza yeye anajificha kwenye chumba cha makoti, anakaa chini katikati ya makoti ya wengine mpaka mwalimu amtafute. Akapendekeza apelekwe kliniki ya watoto inayoshughulika na mambo ya akili na huzuni. Juvénal alisaini, kisha wakangoja. Walingoja tangu mwezi wa tano. Barua ya kumwita ilifika siku mbili baada ya mwaka mpya, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo ya namna ya kumwandaa mtoto kwa siku ya kwanza.

Juvénal alinisomea jikoni, akinitafsiria mstari kwa mstari. Mwambieni mtoto siku chache mapema. Mwelezeni kwamba kuna mtu wa kuzungumza naye na kuchora naye, hakuna sindano. Mwambieni si adhabu, wala hajakosea. Anaweza kubeba kitu anachokipenda. Hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Anaweza kusema mambo asiyoweza kuyasema nyumbani. Karatasi nzuri, Dada, fupi, yenye picha ya dubu. Tungeifuata karatasi ile kama ilivyoandikwa, leo ningekuwa nakuandikia habari za theluji.

Juvénal aliikunja, akacheka kicheko kisicho na furaha. Akaniambia kwamba kila ofisi aliyowahi kuingia tangu utoto wake ilimwambia aseme kwa uhuru. Kambini upande wa Kigoma, alipokuwa na miaka kumi na mitano, walipoitwa kuhojiwa ili wapelekwe nchi nyingine, mama yake aliwapanga watoto wote watano kwenye mkeka wiki tatu nzima. Kila mtoto alijua nani alikufa, lini, mvua ikinyesha au la, na rangi ya mlango. Mama alikuwa anawaamsha na kuwauliza ghafla. Jirani zao hawakufanya zoezi. Mtoto wao mdogo alisema mjomba aliuawa wakati wa mavuno, wazazi walikuwa wamesema wakati wa kupanda, na familia ile ilibaki kambini miaka saba zaidi. Juvénal alisema hakuna mzazi mwenye akili anayempeleka mtoto mbele ya mtu mwenye kalamu bila kumfanyisha mazoezi.

Na hofu nyingine ilikuwapo tayari. Colombe, mama mmoja wa kanisani anayekaa Hässelby, alikuja Jumapili na sahani ya ndizi za kukaanga, akatusimulia habari za familia moja ambayo mtoto alisema neno moja tu kwa daktari na wiki hiyo hiyo watu wa ustawi wa jamii wakaja kumchukua. Nilimwuliza familia gani. Hakujua jina, aliambiwa na mtu aliyeambiwa. Kila mtu huku ana hadithi hiyo na hakuna anayejua jina. Lakini alipoondoka, Juvénal alikaa muda mrefu akizitazama ndizi na hakula hata moja.

Nami, Dada, nimsingizie nani? Nilikubali haraka kuliko yeye. Unakumbuka Mama alipokufa, wajomba wakaja kukaa sebuleni kuamua nani atachukua nani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba na mimi kumi. Ulinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo ukanifundisha: tunakula, tunasoma, tunalala, tuko sawa. Ukaniambia nikilia tu tutagawanywa. Nikaingia nikasema kama ulivyonifundisha, sikulia, na hatukugawanywa. Maisha yangu yote nimekushukuru kwa siku ile. Kwa hiyo Juvénal aliposema tufanye zoezi, nilihisi niko nyumbani.

Tulifanya jioni sita, baada ya chakula. Juvénal alivaa miwani yangu na skafu shingoni, akainamisha kichwa pembeni kama wanavyofanya watu wa huku wakiwa wanakusikiliza, akajiita Doktori Lifti, mtaalamu wa kupandisha na kushusha. Darlène alitabasamu, na mimi kwa tabasamu lile nilidhani tunamponya. Kisha maswali yakaanza. Unalala vizuri? Ndiyo, naingia kitandani saa mbili na nusu na kuamka saa kumi na mbili na nusu. Unakula? Ndiyo, napenda wali na maharage, na viazi vya shule. Kwa nini unakaa kwenye makoti? Ilikuwa mchezo, sasa nimeacha. Nyumbani kukoje? Kuzuri. Unamkumbuka mama yako? Ndiyo, lakini sasa nina tantine.

Jibu hilo la mwisho nililitunga mimi. Juvénal alilitafsiri kwa Kiswidi, akanibusu kwenye paji la uso, akasema hata mama yake pale kambini asingepata jibu kama hilo. Nilifurahi, Dada. Nilienda kuosha vyombo nikiimba.

Akikosea tulirudia toka mwanzo. Siku ya tatu Darlène aliuliza kuhusu ile karatasi, kwa kuwa tulikuwa tumeibandika kwenye mlango wa friji na yeye ndiye msomaji mzuri wa Kiswidi kuliko sisi sote. Alisema imeandikwa hakuna jibu baya. Baba yake akamwambia kwa upole kwamba hayo yameandikwa kwa ajili ya watoto wa Kiswidi. Yeye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa sheria nyingine ambayo hakuijua, na tukaanza tena na swali la kulala.

Jumamosi nilimsuka. Nilitaka aende amependeza, wasiseme mtoto wa kambo ameachwa hovyo. Alikaa chini kati ya magoti yangu saa nne nzima. Nilipogawanya nywele nyuma ya sikio la kushoto nilikuta mahali pasipo na nywele kabisa, pana kama kifuniko cha soda, ngozi laini inang'aa. Pembeni vinywele vifupi vilikuwa vinaanza kuota na vingine vimeng'olewa upya. Nilimwuliza ni nini. Akainua mkono, akapagusa kwa ncha za vidole, akaurudisha mapajani. Nilijua, Dada. Nimefanya kazi saluni miaka sita, najua nywele zinazokatika na najua nywele zinazong'olewa. Nilivuta mistari kutoka juu nikailaza pale, nikaongeza nywele za kusukia, na nilipomaliza hata mimi mwenyewe nisingejua. Sikumwambia Juvénal. Nilijiambia nitamwuliza yule mtaalamu.

Kuna maneno Darlène aliniambia siku hiyo nikimsuka. Nitayafikia. Mkono wangu bado haujataka kuyaandika.

Jumatano tarehe kumi na nne tulipanda treni sote watatu. Darlène alikuwa amevaa gauni la buluu la harusi yetu na sweta nyeupe juu. Alikuwa na sungura wake wa kitambaa, yule aliyeshonwa na mama yake akiwa hospitalini, lakini mlangoni Juvénal alimwambia msichana mkubwa haendi kuzungumza na mtaalamu akiwa na mwanasesere. Darlène akamrudisha sungura kitandani, akamfunika na shuka mpaka shingoni, kisha akaja kuvaa viatu.

Kliniki ilikuwa safi na kimya. Unavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Mwanasaikolojia alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, anaitwa Linnea, mwenye soksi za sufu zenye mistari. Alichuchumaa kumsalimia Darlène ili macho yao yawe sawa, akamwonyesha nyumba ya wanasesere isiyo na paa, akamwambia anaweza kupanga samani apendavyo. Alizungumza nasi kidogo sote pamoja, kisha akatuomba tutoke, akabaki na mtoto karibu saa nzima. Nje, Juvénal alinishika mkono. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilimkaribia nikasikia alikuwa anayarudia majibu, moja baada ya jingine, kama mzazi aliye nje ya chumba cha mtihani.

Walipotoka, Linnea alitukaribisha tena. Juvénal akawa ananitafsiria. Alisema si mara nyingi kukutana na mtoto wa umri ule anayeweza kuzungumza kwa utulivu namna ile juu ya usingizi na chakula na kifo cha mama. Alisema huzuni ina safari yake, lakini mtoto anaonekana amezungukwa na upendo. Akazisifu nywele zake, akauliza zimechukua muda gani. Alisema ataiandikia shule, kwamba kwa sasa haoni haja ya kupanga siku nyingine, na kwamba tukiona jambo lolote jipya tupige simu bila kungoja. Kisha akaiweka kalamu chini, akauliza kama kuna jambo lingine ambalo hakuuliza na tungependa alijue. Juvénal alijibu hakuna. Yule msichana akanigeukia mimi, akauliza tena polepole, kwa Kiswidi chepesi ambacho hata mimi nilikielewa, akangoja. Alingoja kweli, Dada. Sitamlaumu kamwe. Darlène alikuwa anaitazama ile nyumba isiyo na paa. Mimi nikatabasamu, nikasema hakuna, nikasema asante.

Kwenye jukwaa la treni, Darlène alimvuta baba yake mkono, akamwuliza kwa Kiswahili, si kwa Kiswidi, kama amefaulu. Juvénal alimnyanyua juu na makoti yake yote na viatu vyake vizito, akamwambia amefaulu kwa alama zote, hakuna mtoto aliyefaulu kama yeye Stockholm nzima. Watu waligeuka kutazama, na wewe unajua watu wa huku hawageuki. Tulipofika Bredäng akanunua ile keki yao ya kijani yenye waridi la sukari juu. Darlène hakuigusa keki. Alitoa waridi kwa kijiko, akaliweka kwenye sahani yangu, akasema ni la tantine.

Sasa nitaandika.

Jumamosi ile, nikiwa nimeshika kitana, na mkono wangu umetoka tu kuufunika ule upara, Darlène alianza kuzungumza. Nadhani ni kwa sababu hakuwa ananiona uso. Alizungumza Kiswahili kirefu ambacho sikujua anacho. Alisema hataki kufika miaka kumi. Alisema mama yake aliondoka yeye akiwa na saba, na kila mwaka anaoongeza anakuwa mtoto mwingine ambaye mama hatamtambua. Anataka kwenda alikoenda mama kabla hajabadilika. Hakulia. Alisema amekwisha kufikiria namna, na sitaiandika hapa. Kisha akaniuliza, kama anavyouliza kuhusu kazi ya shule, hilo nalo ni la kusema au si la kusema. Maana kwenye karatasi ya friji, alisema, imeandikwa unaweza kusema usiyoweza kuyasema nyumbani, na yeye alikuwa amepanga kulisema hilo kule.

Dada Getrude, alikuwa amepanga kulisema. Miezi minane alingoja, akaipata siku, akalibeba neno lake, akaniuliza mimi tu kama alipitishe.

Nikamwambia hilo usiliseme.

Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtoto asitoke bila kofia. Sikusimamisha hata mkono, nilimaliza ule mstari na kuanza mwingine. Nikamwambia maneno hayo yakiandikwa watamchukua, na baba yake amekwisha kuzika mtu mmoja. Akasema ndiyo tantine.

Unataka kujua nilikuwa nafikiria nini. Ningependa kukuandikia kwamba nilimfikiria yeye. Nilifikiria uso wa Juvénal akiambiwa. Nilifikiria kibali changu cha kukaa, ambacho ni cha miaka miwili na kimefungwa na ndoa hii, na nyumba hii ikivunjika kwa huzuni nami narudi na sanduku langu. Nilifikiria chai kwenye thamosi na vile vikaratasi. Miezi minne tu nilikuwa nimeonja, na nilisema moyoni, Mungu wangu, si sasa, niache kwanza. Niliilinda raha yangu, Dada, kwa mdomo wa mtoto.

Tangu siku ile ya kliniki zimepita siku tisa. Darlène amekuwa mtiifu kuliko zamani. Ukimwuliza jambo anajibu vizuri, sentensi kamili, anakutazama machoni kama baba yake alivyomfundisha. Shuleni wanasema anaendelea vizuri. Mimi simwachi peke yake hata dakika moja. Namsindikiza mpaka getini, nasimama kwenye uzio mpaka mwalimu amshike mkono, narudi kabla ya muda kusimama tena. Walimu wananipungia mkono, wanaona mama wa kambo mwenye mapenzi. Chini ya misuko, palipokuwa kama kifuniko cha soda sasa ni kama kiganja. Nimepagusa akiwa amelala kwenye kochi mchana.

Na Juvénal anaimba. Anaimba akinyoa ndevu, anaimba akifunga buti. Kanisani amesimama kutoa shukrani kwamba mtoto wake amepimwa na kukutwa mzima, na watu wakampigia makofi, Colombe akanikumbatia na kuniambia nimeleta baraka. Vikaratasi vya thamosi vimekuwa virefu. Cha jana kimeandikwa kwamba nimemrudishia mtoto wake. Nimekisoma nikakaa chini sakafuni jikoni mpaka chai ikapoa.

Nikimwambia, ataniuliza kwa nini nilitabasamu pale. Hilo hatukulifanyia zoezi. Nadhani hatanipigia kelele, si mtu wa kelele. Nadhani ataacha tu kuandika vile vikaratasi. Nisipomwambia, kuna mwezi wa nne unakuja, siku yake ya kuzaliwa, na kila nikiitazama kalenda ile ya ukutani nahesabu wiki zilizobaki.

Nambari ya kliniki iko pale pale kwenye mlango wa friji, chini ya picha ya dubu, na chini yake kuna nyingine ya kupiga saa zote kama mtoto yuko hatarini. Nimeipiga mara mbili na kukata. Kiswidi changu ni cha dukani. Katika nyumba hii wanaoweza kunisemea ni wawili tu: mmoja ndiye niliyemdanganya, na mwingine ndiye niliyemnyamazisha. Kwa hiyo nimekuandikia wewe kwanza. Nilitaka maneno haya yawe yameshatoka mkononi mwangu angalau mara moja, ili leo yakitoka mdomoni yasiwe mapya. Nisamehe kwamba hata kukiri nimefanyia mazoezi.

Tuombee. Usimwombee mdogo wako ndoa yake idumu, nimeiombea vya kutosha. Mwombee Darlène afike miaka kumi.

Msalimie sana shemeji Solomon, mwambie viatu alivyonichagulia sokoni Nakuru vimeshinda majira mawili. Wasalimie watoto wote, na Njuguna umwambie huku kuna watoto wanavaa sweta tatu na hawafi. Wasalimie wenzangu wa saluni ukipita. Na ukinijibu, usianze kwa kuniambia nyote ni wazima kama si kweli.

Darlène amekaa mbele yangu hapa mezani, anachora. Nimemwambia namwandikia dada yangu mkubwa, yule aliyenilea, nikamwuliza niweke salamu gani kutoka kwake. Aliuliza kwanza kama na wewe unaandika majibu ya watu mahali. Nikamwambia hapana, dada huyo hana faili la mtu, ana kuku na goti bovu. Akafikiri sana, kalamu ya rangi mdomoni. Kisha akasema nikuandikie kwamba yeye halali, na kwamba kule kliniki hakufaulu, alikariri tu. Nimeandika kama alivyosema.

Nasikia lifti inapanda. Nitamwambia kabla hajavua viatu, kwa sababu akishavua viatu atanibusu, na akinibusu nitanyamaza tena.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye,
Muthoni